Hema, baridi na ngoma: kabla hujampandisha mtoto mdogo Fort Ternan

Desemba ikikaribia huwa naulizwa swali moja, na wanaoniuliza zaidi ni akina mama wa hapa kwetu Kisauni, Likoni na Mji wa Kale ambao wana wakwe bara. Kuna sherehe huko Kericho, wanasema. Muziki siku mbili au tatu, jukwaa limewekwa shambani, nyumba haitoshi na wageni watalala kwenye mahema. Je, mtoto wa mwaka mmoja aende, au abaki kwa nyanyake?

Dada yangu ameolewa na Mkipsigis wa upande wa Fort Ternan, na kwa hivyo nimelala huko mahemani zaidi ya mara moja, mara nyingine nikiwa na wapwa wangu wadogo. Jibu langu huwa ni hili: mtoto aende. Lakini aende na matayarisho ya huko, si matayarisho ya ufuoni. Yale tunayoyajua kuhusu kukesha na watoto nje tumejifunza kwenye joto, na mengi yake hayafai milimani. Moja wapo, nitalieleza hapa chini, linaua.

Maana sisi si wageni wa kukesha. Maulidi ya Lamu watu hulala barazani na msikitini na watoto wao, na anayesinzia hutandikiwa mkeka akafunikwa leso ya mamake. Kilifi kila mwisho wa mwaka vijana hupiga mahema chini ya mibuyu. Zanzibar tangu 2004 kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na utaona wazazi wamebeba watoto mabegani hadi usiku. Usiku wa Pwani husamehe. Ukisahau blanketi, hakuna atakayejua. Fort Ternan ukisahau blanketi, saa nane za usiku utajua.

Kwanza tujue ni wapi. Wengi wetu tukisikia Kericho tunaona mashamba ya chai yaliyopangwa kama zulia, na tunadhani Fort Ternan ni hapo hapo. Si hapo. Mji wa Kericho na chai yake uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Fort Ternan iko chini zaidi, takriban mita 1,500, bondeni chini ya mlima Tinderet, njia ya kuteremkia Muhoroni. Huko utaona miwa, mahindi na kahawa kabla hujaona chai. Ni stesheni ya reli ile ile iliyoanzia hapa kwetu Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, na jina lake ni la afisa wa Kiingereza, Trevor Ternan, aliyetumika Uganda enzi hizo. Wataalamu wa dunia nzima wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mwaka 1961 Louis Leakey alichimba hapo, kwenye shamba la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, akapata mabaki ya kiumbe cha jamii ya nyani mkubwa aliyeishi miaka takriban milioni 14 iliyopita. Wakampa jina la Kenyapithecus wickeri. Ukiwa na mtoto wa miaka sita au saba anayeuliza maswali, hadithi hiyo itakushughulikia njia nzima.

Urefu huo wa mita 1,500 ndio wenye hesabu yote ya safari hii. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Mombasa ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Toa 9 au 10, na umepata usiku wa kawaida wa Fort Ternan. Panda hadi Kericho mjini utoe nyingine 3 au 4. Kwa mtu mzima aliyekula akashiba hiyo ni baridi ya sweta tu. Kwa mtoto mchanga ni jambo jingine kabisa. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hivyo joto humtoka haraka. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Na mchanga hasa hajui kutetemeka kama sisi, na kutetemeka ndiko kunakouwasha mwili moto. Ndiyo maana mtoto mwenye baridi kali pengine halii. Hunyamaza. Mama akaona mtoto ametulia, akashukuru.

Usimpime kwa mikono na miguu. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Tia kiganja chako kifuani au shingoni kwa nyuma. Pakiwa na joto, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umemvisha kupita kiasi, mpunguze nguo moja. Pakiwa baridi, na mtoto hataki kunyonya, na amelegea, mvue umweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja, umnyonyeshe, na mtu aende kuwasha gari. Huyo ni mgonjwa, wala si mtoto mwenye usingizi.

Kanuni ya nguo ni nyepesi: mtoto avae nguo moja zaidi ya zile zinazokutosha wewe. Nguo tatu nyembamba zinashinda moja nene, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo inayozuia baridi. Soksi jozi mbili. Kofia ya sufu njiani na jukwaani, lakini akilala mvue ile yenye kamba. Na mabadiliko ya nguo yawe mengi kuliko siku, maana nguo iliyoloa mkojo au mvua ni mbaya kuliko kutovaa kitu. Soko la mitumba la Kongowea lina majaketi ya watoto yaliyotoka nchi za theluji, na hapa kwetu hakuna anayeyagombania. Nenda kanunue wiki mbili mapema.

Sasa, baridi yenyewe haitoki juu kama watu wanavyodhani. Inatoka chini. Unaweza kumfunika mtoto mablanketi matatu na ardhi ikamnyonya joto kupitia godoro jembamba usiku kucha. Tandika turubai la nailoni kwanza, kisha majamvi au magunia makavu, kisha godoro la sponji, kisha blanketi moja la kulalia, ndipo mtoto. Mablanketi mengi yaende chini kuliko juu. Juu yake usirundike, hasa mtoto wa chini ya mwaka. Alale chali, uso wazi, asiwekwe mto. Tuna tabia ya kumlaza mtoto katikati ya watu wazima wawili na kuvuta blanketi zito likawafunika wote. Chumbani Mombasa kwa shuka jepesi tunapita. Hemani, kwa blanketi la bara, uso wa mtoto hufunikwa na mzazi aliyechoka na safari hasikii kitu.

Na sasa lile linaloua.

Mtu wa Pwani akihisi baridi usiku hemani, wazo linalomjia ni jiko. Jiko la makaa liko pale nje, limepikiwa chai, bado lina moto mzuri mwekundu, halina moshi tena. Kwa nini lisiingizwe ndani dakika kumi tu, hema lipate joto, watoto walale? Ni wazo la huruma, na kila mwaka katika nchi hii watu wanakutwa wamekufa chumbani asubuhi kwa sababu ya wazo hilo hilo.

Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani na haina harufu. Kule kutokuwepo moshi, kunakotufanya tuone jiko ni salama, hakuhusiani nayo hata kidogo; makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayoitoa. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kitu. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, hulegea, kisha usingizi. Aliyekwisha lala hapati hata onyo hilo. Na mtoto huvuta pumzi mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, kwa hivyo humpata mwanzo.

Hema la siku hizi ni nailoni isiyopitisha hewa. Ukifunga zipu umejifungia ndani ya mfuko. Kuacha kipenyo hakutoshi. Kulitoa jiko kabla ya kulala hakutoshi, maana gesi hubaki. Jiko lisivuke mlango wa hema hata mara moja, wala lisiwekwe barazani mwa hema upepo ukaisukuma gesi ndani. Mkaamka na kichwa kinauma nyote kwa pamoja? Tokeni nje wote, saa hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha, na mwende hospitali. Koroboi na mishumaa nazo zikae mbali: nailoni ikishika moto haingoji mtu atafute zipu. Taa ndogo ya sola yatosha.

Wataka joto? Chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu ya plastiki, funga vizuri, izungushe na taulo, weka kitandani nusu saa kabla ya mtoto kulala. Akilala, itoe au isukume miguuni mwako wewe. Mkwe wa dada yangu, mama mzee asiyesoma kitabu, hufanya hivyo kwa wajukuu wake na hajawahi kuingiza jiko chumbani.

Mvua ni somo lake. Kericho ni nchi ya mvua za alasiri. Asubuhi jua linawaka mtu akavua sweta, saa nane mchana wingu linasimama juu ya kilima, saa tisa au kumi linamwaga, na mara nyingine ni mvua ya mawe, ile ambayo wakulima wa chai wanaiogopa kwa sababu hupasua majani. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa ina nafuu, ndiyo maana sherehe nyingi huwekwa hapo. Ukialikwa Aprili, Mei au Agosti, mtoto wa chini ya miaka miwili mimi ningemtafutia chumba chenye bati na kuliacha hema kwa vijana.

Hema lisipigwe bondeni penye nyasi nzuri laini. Nyasi ni laini pale kwa sababu maji hupita. Tafuta pahali pameinuka kidogo, penye mteremko mdogo, na mwombe kijana wa hapo achimbe mfereji mwembamba kuzunguka. Usipige chini ya mkalatusi. Una kivuli kizuri lakini matawi yake huanguka ghafla, hata siku isiyo na upepo.

Na radi. Nyanda zote za juu zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na sisi wa Pwani tumezoea kuichukulia radi kama kelele. Novemba 2024 huko Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi moja iliua watu 14, wengi wao watoto, waliokuwa wamekusanyika kwenye ibada wakati wa mvua. Hema halikingi radi. Nguzo zake za chuma hazifanyi lolote jema, na jukwaa lenye nyaya na spika ni pabaya zaidi. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie mngurumo. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hivyo ukihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na yaweza kuwafikia. Chukueni watoto muingie kwenye nyumba ya kudumu au ndani ya gari la bati, madirisha yafungwe. Mkae hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Dakika 30 na watoto watatu ndani ya Probox ni ndefu, najua. Beba biskuti.

Tuje kwenye muziki, maana ndio uliotupeleka. Watu wa huko wana muziki wao wa zamani, wa zeze la nyuzi liitwalo chepkong na sauti za kupokezana, na ukibahatika kukaa karibu na wazee utausikia. Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Kapkatet, Kericho, na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Santuri zake zilikuwa zimefika kijijini kwenye gramafoni, na jina likageuka likawa la hapo. Kwa hivyo mtu akikuambia muziki wa kigeni umeingia bara jana, mwambie hiyo habari.

Siku hizi hata hivyo kuna spika. Koito, ile sherehe ya posa na mahari ya Wakalenjin, huwa na kwaya mchana na mashine usiku. Harusi vivyo hivyo. Tamasha la tiketi ndilo zaidi. Na masikio ya mtoto hayana kifuniko.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumika makazini kinasema mtu mzima asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kwamba kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika desibeli 100, ambazo ni za kawaida mbele ya jukwaa, umebakiwa na dakika 15 hivi. Huyo ni mtu mzima. Mtoto mfereji wa sikio lake ni mdogo, na madhara hayaonekani leo wala kesho. Yanaonekana darasani, mwalimu akisema hasikii vizuri.

Bahati nzuri dawa yake ni bure: umbali. Uwanjani, kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kama mita 10 kutoka spika ni 100, mita 20 ni 94, mita 40 ni 88, mita 80 ni 82. Piga hema lako mbali, na nyuma ya spika badala ya mbele yake, kilima kikiwa katikati kama kipo. Utasikia kila wimbo, niamini. Kwa kumsogeza mtoto karibu aone wachezaji, nunua vile vifunika masikio vya kuvaa kichwani. Vipo vya watoto. Pamba ya kuziba sikioni haizuii kitu cha maana, na kwa mtoto mdogo ni kitu cha kumezwa. Kipimo cha mzazi asiye na mashine: ukihitaji kupaza sauti ili mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako akusikie, hapo si pa mtoto.

Mbu. Hapa ndipo watu wetu hudanganyika. Mlimani kuna baridi, wanasema, hakuna mbu, na neti inabaki Mombasa. Fort Ternan iko mpakani mwa sehemu mbili mbaya: chini yake ni Muhoroni na tambarare za Kano, ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi kuliko mahali popote Kenya, juu yake ni nyanda za Kericho, ambako malaria huja kwa mlipuko. Mashamba ya chai yaliwahi kupigwa na milipuko hiyo miaka ya 1940, ikatulia, ikarudi tena miaka ya 1980 na 1990. Na kuwa Mpwani hakumkingi mtoto mdogo. Kinga ile tunayojisifia hujengwa kwa kuumwa mara nyingi kwa miaka, na mtoto wa mwaka mmoja hana. Neti yenye dawa ifungwe ndani ya hema, juu ya godoro, hata kama hema lina wavu wake mlangoni, kwa sababu mlango huo utafunguliwa mara arubaini kwa usiku mmoja.

Wadudu wengine niliowaona wakivuruga usiku ni siafu. Mvua ikinyesha huhama kwa mistari, na chakula kilichobaki hemani ni mwaliko. Mabaki ya wali, chupa ya maziwa, hata bibu yenye uji, vitoke nje vikae mbali. Kabla ya kulala zungusha tochi kuzunguka hema.

Choo kitakuwa cha shimo, na tundu lake limekatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiende peke yake hata mchana. Beba poti. Ni kitu cha kuchekesha kubeba poti ya rangi ya waridi kutoka Mombasa hadi Fort Ternan, na wenyeji watakucheka, lakini usiku wa pili watakuja kuiazima.

Chakula hakina shida kubwa. Mwenyeji akipata habari mapema kwamba wageni wanakula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, hupanga. Mpigie wiki moja kabla, usimwaibishe siku yenyewe mbele ya watu. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu, basi. Maziwa ni mengi na mazuri, na utaletewa mursik kwenye kibuyu, heshima kubwa hiyo, uonje. Lakini mtoto apewe maziwa uliyoona yakichemka kwa macho yako, kwa sababu maziwa mabichi huweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Asali ya njiani ni tamu. Asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kulambishwa kidogo kwenye ncha ya kidole. Ndani yake mwaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mkubwa linavishinda na tumbo la mchanga halivishindi, vikampooza misuli. Maji yachemshwe. Kwenye urefu ule maji huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hiyo yatosha kuua vijidudu, ila maharagwe yatakuchosha. Roweka tangu usiku.

Njia ya kwenda ina hatari kuliko hema. Treni ya SGR kutoka Miritini ni rahisi kwa watoto kuliko basi la usiku, na Nairobi ulale. Usiunganishe. Kutoka Nairobi kupitia Nakuru unapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, kisha unaanza kuteremka, na masikio ya mtoto huziba na kuuma. Mnyonyeshe au mpe kitu cha kufyonza wakati wa mteremko. Hapo Londiani Junction ndipo tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara likavamia watu na magari kando ya njia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Pita mchana, na kama dereva anataka kusimama mununue mahindi na viazi pale barabarani, mwambie asogee mbele mahali pa wazi, mbali na mteremko. Kutoka hapo unaifuata barabara ya Londiani kuelekea Muhoroni hadi Fort Ternan. Ukungu hushuka jioni, kwa hivyo uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili.

Ukifika, salamu ni "chamgei". Waanze wazee. Mtoto wako atapokonywa mikononi mwako na shangazi ambao hujawahi kuwaona, na hilo ni zuri, ila jua nani amembeba. Mwandike nambari yako ya simu kwa kalamu ndani ya mkono, juu ya kiwiko, si kiganjani ambapo hufutika. Mpige picha asubuhi kwa nguo alizovaa siku hiyo. Wale wanaotembea waonyeshwe mahali pamoja pa kukimbilia wakipotea, mathalan meza ya chai. Akipotea usione haya kumwomba mwenye kipaza sauti asimamishe muziki, watu wataelewa. Nambari ya dharura ni 999 au 112, na ya watoto ni 116.

Kwenye mfuko wa dawa: parasetamoli ya maji ya kipimo cha umri wake, kipimajoto, pakiti za ORS, na kitambulisho chako kilichosajiliwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikwa chini yako kabla ya safari, kwa maana mstari wa kumwandikisha haufurahishi saa tisa za usiku. Mwulize mwenyeji siku ya kwanza, mchana kweupe, zahanati iliyo karibu ni ipi na usiku hufunguliwa na nani, na nani ana gari la kufika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kericho. Majina mawili ya watu wenye gari, sio moja.

Mtarudi Mombasa na matope kwenye viatu, na safari bado haijaisha. Malaria ya huko hukaa mwilini siku 7 hadi mwezi mmoja kabla ya kujionyesha. Mtoto akipata homa katika wiki hizo, hata kama ana mafua na unajua ni baridi ya bara, mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba mlilala Kericho, upande wa Fort Ternan, na tarehe mlizolala. Hatakuuliza yeye.